Usisubiri kondo la nyuma lianguke ndipo ukamue

Hapana, usisubiri. Umeandika kwamba ng'ombe wako wa Pongwe anatarajiwa kuzaa wiki hii na kwamba jirani amekuonya usimkamue hadi kondo la nyuma lianguke. Umeuliza pia kuhusu sakafu ya banda, kukata pembe na umri wa kumwachisha ndama maziwa. Nimekusoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwa huyo jirani, kwa sababu maneno kama yake ndiyo yaliyonichimbisha kaburi nyuma ya banda langu hapa Muheza.

Ng'ombe wangu wa kwanza alizaa saa moja jioni, ndama jike, mzima kabisa, akasimama kabla sijamaliza kuwaita watu waje kumwona. Mtu aliyeniuzia ng'ombe huyo, aliyejiita mtaalamu na ambaye kwa adabu zangu sikumuuliza alisomea wapi, alikuwa amenihakikishia kwamba dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ni uchafu unaomharisha ndama, na kwamba nikikamua mapema kondo halitatoka kamwe. Nikamtenga ndama na mama yake, nikaketi na kibatari kulilinda kondo kama mlinzi wa benki, huku mtoto akilia njaa. Lilianguka saa kumi alfajiri. Nikakamua maziwa yale mazito ya manjano, nikayamwaga kwenye migomba, kisha ndama akapata mkamuo wa pili, saa nane mchana. Migomba ilistawi vizuri sana. Ndama alianza kuharisha siku ya nne, na siku ya sita nikamzika.

Daktari wa mifugo, aliyeitwa kwa kuchelewa kama dang'a yenyewe, ndiye aliyenieleza kwamba kinga za mama hazipiti kwenye kondo la ng'ombe, hivyo ndama huzaliwa mtupu na huzipata kwa dang'a tu. Utumbo wake huziruhusu kuingia kwenye damu kwa muda mfupi, na uwezo huo hushuka saa baada ya saa hadi unapotea zinapotimia kama saa 24. Dang'a nayo huzidi kuwa hafifu kadiri mama anavyokaa bila kukamuliwa. Kinachonichoma hadi leo ni kwamba kukamua na kunyonyesha huamsha homoni inayoukaza mfuko wa uzazi. Yaani nililisubiri kondo huku nikikizuia kitu ambacho kingelisaidia kutoka!

Basi kamua mara tu mama anapomaliza kumlamba mtoto. Ndama wa kilo 30 apate lita 3 ndani ya saa 2 za kwanza, na lita 2 nyingine kabla ya saa 12 kupita tangu azaliwe. Pima kwa chombo. Usiridhike kumwona amening'inia kwenye chuchu, kwani mkia unaochezacheza si kipimo cha lita. Tumia chupa yenye chuchu ya mpira, wala usimmiminie kwa nguvu, maziwa yakaingia mapafuni. Kitovu kichovye kwenye ayodini. Kondo likipitisha saa 24, mwite daktari, si jirani.

Sakafu iwe kavu. Ya pembe tutazungumza ndama akiwa hai. Leo nunua chupa, na tochi pia, maana ng'ombe wangu watatu waliofuata wote walizaa usiku.