Kiti kimoja, chupa ya maji na miguu ya mama

SWALI: Mama yangu ana miaka 71, ana presha na anatumia dawa. Kila siku anatembea hadi sokoni na kurudi, lakini siku hizi hainuki kitini bila kushika meza. Kliniki wamemshauri afanye mazoezi ya nguvu. Kwa umri huo misuli inajengeka kweli? Na tuanzeje nyumbani bila vyuma? – Msomaji, Tanga

JIBU: Inajengeka, dada. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee wachache wa miaka ipatayo 90 waliozoezwa mapaja kwa uzito kwa wiki 8. Nguvu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Safari ya sokoni inamfaa moyo, asiiache. Ila paja limeshaizoea, na misuli iliyozoea mzigo haiongezeki nguvu.

Tafuteni kiti kigumu, mkiegemeze ukutani. Akae nusu ya mbele, nyayo chini, visigino vikiwa nyuma ya magoti kidogo. Ainamishe kifua mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu na kusimama. Wengi huinuka wakiwa wima, ndiyo maana wanatafuta meza. Kushuka kuna faida kubwa sana: ashuke taratibu akihesabu moja hadi tatu kwa sauti, asijibwage. Mara 8, apumzike dakika 2, kisha 8 tena. Akishindwa, kunjeni blanketi la kumwinua sentimita 5 hadi 10; mto laini unazama, haufai.

Mkae mbele yake mtazame magoti. Yakiingia ndani, mwambieni ayasukume nje yaelekee kidole kidogo. Kosa la hatari zaidi kwake ni kubana pumzi, maana presha hupanda ghafla. Anayehesabu kwa sauti hawezi kuibana.

Mkiongeza kusukuma ukuta kwa mikono na kuinua visigino ameshika meza, inatosha. Afanye siku 2 au 3 kwa wiki, zisizofuatana. Akifikisha mara 12 bila taabu, akumbatie kifuani chupa ya maji ya lita 1, ambayo ni kilo 1, baadaye lita 2. Tafadhali msiiruke hatua hii: ukiganda kwenye uzito uleule, nguvu nazo zinaganda.

Misuli kuuma siku mbili za mwanzo si neno. Goti likivimba, punguzeni. Kifua kikibana au akipata kizunguzungu, aache papo hapo na mtafute daktari. Presha ikisoma 180/110 au zaidi, hakuna zoezi siku hiyo, apelekwe kliniki.

Na chai na mkate mtupu havijengi misuli. Mzee wa kilo 60 anahitaji protini gramu 60 hadi 72 kwa siku, na yai moja lina kama 6. Mpeni mayai, maharage, dagaa, maziwa, mkizigawa katika milo yote. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza daktari.

SWALI: Baba anachoma insulini. Anaweza kufanya mazoezi hayo asubuhi kabla ya kula? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Asifanye na tumbo tupu. Apime kwanza: sukari ikiwa chini ya 5 (mmol/l), ale kitu cha wanga, kisha apime tena. Hata akimaliza salama, inaweza kushuka saa kadhaa baadaye, hata usiku, kwa hiyo apime pia kabla ya kulala.