Kilimo endelevu au kilimo chendelevu?

Msomaji kauliza hivi: mwalimu, mbona tunasema kilimo endelevu na sio chendelevu, wakati kitabu tunasema chembamba? Afu endelevu si ndo ileile "ya kudumu"?

Swali zuri sana hili, limenipa raha. Endelevu imetoka kwenye endelea, kama tulivu ilivyotoka kwenye tulia na vumilivu kwenye vumilia, sasa hao wenzake wanabeba upatanisho, yaani mwanzo wao unabadilika kufuata nomino, tunasema mtoto mtulivu, maji matulivu, kwahiyo kwa kanuni tungepata kilimo chendelevu, miji myendelevu, na maendeleo mendelevu kama macho mekundu. Ila hakuna anayesema hivyo! Nionavyo mimi neno limezoeleka kupitia "maendeleo endelevu", yale malengo 17 ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015 yamelisambaza kila kona, na masikio yakashika umbo hilohilo moja. Leo linatumika kama bora, safi na imara, yaani halibadiliki mwanzoni. Andika endelevu popote, na mwanafunzi akiandika hivyo tafadhali usimkate maksi.

Ila kwenye kudumu hapo nakataa kabisa. Chukua mkoko. Boriti ya mkoko ukiiweka darini inadumu miaka na miaka, mchwa hawaigusi, yaani boriti ni ya kudumu, lakini ukataji wenyewe sio endelevu kama watu wanakata haraka kuliko mikoko inavyoota. Sasa nenda Gazi kule Kwale, pwani ya Kenya, kuna mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanakijiji wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ukaa inayoshikwa na mikoko yao, kama hekta 117 hivi, tani 3,000 za hewa hiyo kwa mwaka, na hela inaenda kwenye maji na shule. Mkoko usiokatwa ndo unaoleta hela, na mwakani bado upo unaleta tena. Hayo ndo mapato endelevu, kinacholiwa ni faida, mtaji haujaguswa. Kudumu kunauliza kitu kitakaa muda gani tu, endelevu inauliza kinakula nini wakati kinakaa. Biashara ya mkaa inaweza kudumu miaka 50 huku msitu unaisha, na bado nakuta watu wanaiita endelevu kisa tu haijafungwa, inaniuma kweli.

Kwahiyo ajira ya kudumu ni sawa. Ajira endelevu kwenye tangazo la kazi, kama maana yake ni mkataba usio na kikomo tu, futa, andika ya kudumu.