Akiri mbele ya jaji ili yaishe?

SWALI: Mimi ni Mkongomani, naishi Rockford, Illinois. Kijana wangu wa miaka 15 anadaiwa kuiba simu shuleni, na tumeletewa wito wa mahakama ya watoto. Nimemwambia tukifika aombe msamaha kwa jaji, yaishe. Nimekosea? – Mama Baraka

JIBU: Mama Baraka, pole sana, lakini mzuie kwanza. Nimekuwa mkalimani mahakamani miaka 11, na wazazi wetu wengi huja na ushauri huohuo. Kwetu mtoto akikiri mbele ya wakubwa huonywa, yakaisha. Huku neno "nilichukua" linaandikwa, na linaweza kutumika kumtia hatiani. Simwambii adanganye. Anyamaze mpaka aonane na wakili; kama ni kukiri, atakiri baadaye akijua anachokikiri.

Haki hiyo ya kunyamaza na kuwa na wakili ilipatikana kwa machungu ya mama mwingine. Mwaka 1964 huko Arizona, Gerald Gault, naye wa miaka 15, alikamatwa akidaiwa kumpigia jirani simu ya matusi. Mama yake alirudi kutoka kazini akakuta mtoto hayupo, wala polisi hawakumwachia ujumbe. Kesi ilisikilizwa bila wakili, na mlalamikaji hakutokea. Jaji alimpeleka shule ya marekebisho hadi atimize miaka 21. Mtu mzima kwa kosa hilo angetozwa faini isiyozidi dola 50, au miezi miwili jela. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua uamuzi huo: mtoto ajulishwe mashtaka mapema, awe na wakili, mashahidi wahojiwe, asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Illinois imekwenda mbali zaidi: mahakamani, mtoto hawezi kukataa wakili hata akitaka. Mwombeni wakili muda wa faragha kabla ya kikao. Kama Baraka si raia, wakili ajue siku hiyohiyo.

Na tafadhali, Baraka asikutafsirie yeye. Nilimwona mvulana akimtafsiria baba yake maneno ya jaji, akiyaruka yaliyomtisha. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa na kutabasamu. Mpigie karani, namba imo kwenye wito, uombe mkalimani, hutalipa kitu. Sema "Kiswahili cha Kongo", maana wewe na mkalimani wa Mombasa mnaweza kupishana maneno.