Kabla ya mashine, daftari: majibu ya maswali yenu kuhusu gesi za shambani

*Nina ng'ombe wawili wa maziwa hapa Goba. Kweli nao wanachangia joto la dunia?*

Shikamoo mama. Kweli, ila si kwa upande ule watu wanaouchekea. Gesi yenyewe ni methani, na nyingi hutokea mdomoni, ng'ombe anapobeua. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani hupasha joto takriban mara 27 ya kilo ya hewa ukaa. Lakini usiwauze! Ng'ombe hula kwanza ili aishi, ziada ndiyo maziwa. Wa lita kumi hubeua zaidi kuliko wa lita nne, ila gesi ukiigawa kwa lita, huyo wa lita nne ndiye mwenye gesi nyingi. Kwa hiyo kwako, lishe bora ndiyo dawa.

*Ni mwanafunzi, nakaa Ubungo. Mashine ya kupima gesi sina. Utafiti nitaufanyaje?*

Mdogo wangu, "nataka kupunguza gesi" bado si swali la utafiti. Sema unalinganisha nini na nini: kwa mfano mabingobingo machanga na yaliyokomaa, ng'ombe walewale, gesi kwa kila lita. Mwongozo wa IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, una ngazi za kukadiria gesi. Ya kwanza humpa kila ng'ombe wa kundi moja kiwango kilekile, anenepe akonde. Ya pili hukokotoa kwa uzito, maziwa na chakula, na hivyo vyote unavipata kwa futi ya kuzungusha kifuani (kukadiria uzito), mizani na daftari. Pima majani kabla hayajaingia horini, kesho yake asubuhi pima masalio. Masalio ndiyo husahaulika, kisha mtu anaandika kwamba ng'ombe kala kilo ambazo kuku ndio walizichakura. Na usiende msimu mmoja tu. Chakula cha masika na cha kiangazi ni vitu viwili tofauti.

*Nalima mpunga Ruvu. Naambiwa niache jaruba likauke kauke. Sitakosa mavuno?*

Ukikausha kwa kipimo, hapana. Chimbia bomba la plastiki lililotobolewa matundu. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya udongo, mwagilia tena. Wakati wa kuchanua usithubutu kukausha. Vijidudu vinavyotengeneza methani hupenda tope lisilo na hewa, hivyo gesi hiyo hushuka. Ila udongo wenye mbolea ukilowa na kukauka unaweza kutoa gesi nyingine, naitrasi oksaidi, kali takriban mara 273 ya hewa ukaa. Anayekuja kupima shambani kwako akipima methani peke yake, muulize nyingine kaiacha wapi. Na majaruba yasipungue matatu kwa kila njia ya kumwagilia inayolinganishwa. Moja moja halithibitishi kitu.

*Mwani wa Zanzibar nikiwalisha ng'ombe, gesi itapungua?*

Uliosikia sifa zake ni Asparagopsis. Unaolimwa Paje na Jambiani ni aina nyingine kabisa, kaka. Hifadhi nauli yako ya boti.