Jibu: Tangi la lita 650 au 400 kwenye vani ndogo?

Salama mkuu. Umesema upo London, unataka kuanza kazi ya kuosha madirisha kwa maji safi yasiyo na madini, una vani ndogo, na umekwama kati ya tangi la lita 650 na la 400, tena hujui kama rezini (punje zinazonyonya madini kwenye maji) peke yake itatosha.

Kabla ya kulipa chochote, soma bati la uzito kwenye gari lako, lile linaloonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo lita 650 ni kilo 650 kabla hujaweka fremu, pampu, mpira, ngazi na wewe mwenyewe. Vani ndogo nyingi hapo zimeshazidi uzito unaoruhusiwa. Mimi nilichukua 400, na kwa nyumba za kawaida zinanitosha siku nzima.

Pili, nunua kipima TDS, yaani kifaa kinachopima madini yaliyoyeyuka kwenye maji, ni bei ya chakula cha mchana tu. Maji ya bombani kwangu yalisoma 340. Nilianza na rezini tupu kwa ubahili, ikawa inaisha kila baada ya siku chache, na mteja mmoja akanionyesha madoa meupe kioo kizima. Aibu! Kwa maji magumu ya London, yenye madini mengi, weka RO kwanza (chujio linalosukuma maji kwenye utando na kuacha madini nyuma), rezini imalizie hadi TDS isome 0. Ujue RO inachuja polepole na inamwaga maji mengi, kwa hiyo jaza usiku nyumbani. Ungekuwa Glasgow, kwenye maji laini, rezini ingetosha.

Tangi lifungwe kwa boliti kwenye sakafu ya gari. Mikanda sijawahi kuitumia na siiamini, ukifunga breki ghafla mzigo huo unakuja mgongoni kwako.

Bati linasomaje? Lete namba hapa.