Kabla hujatengeneza kidonge cha selimundu, piga hesabu ya gramu

Nimefanya kazi ya kutafuta dawa za kumeza za selimundu kwa miaka kumi na moja, na vijana wanaoingia kwenye kemia ya dawa huniuliza waanzie wapi. Huwaambia wachukue kalamu na karatasi kabla ya kugusa chupa yoyote ya maabara. Mimi ningefanya hivyo, ningeokoa miaka miwili.

Chanzo cha ugonjwa kinajulikana. Hemoglobini ni protini ya seli nyekundu za damu inayobeba oksijeni. Kwenye mnyororo wake wa beta, nafasi ya sita, asidi amino iitwayo valini imekaa mahali pa nyingine iitwayo glutamati. Hemoglobini hiyo ikiachia oksijeni, molekuli zake hushikana zikawa nyuzi ndefu, na seli nyekundu hupinda kama mundu. Kwa hiyo wazo huja haraka: tengeneza molekuli ndogo itakayoifanya hemoglobini ing'ang'anie oksijeni yake, nyuzi zisijengeke. Timu yetu ilipata moja. Kwenye mirija ya maabara, ambako hemoglobini tulikuwa tumeizimua sana, ilinasa vizuri ajabu, tukafurahi.

Kisha mwenzetu wa famakolojia akaja na hesabu yake. Mtu mzima mwenye selimundu, hemoglobini yake ikiwa gramu 8 kwa desilita na damu yake lita 5, amebeba gramu 400 za hemoglobini. Uzito wa molekuli ya hemoglobini ni takriban 64,500. Ya dawa yetu ulikuwa karibu 340. Ukitaka dawa ishike theluthi moja tu ya hemoglobini hiyo, molekuli moja ya dawa kwa kila molekuli ya hemoglobini, unahitaji karibu miligramu 700 ziwemo ndani ya seli nyekundu usiku na mchana. Hapo hujahesabu zile zinazopotelea tumboni na kwenye ini. Dawa nyingi hutosha kwa miligramu chache kwa sababu hulenga kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemia) au kipokezi (protini inayopokea ujumbe wa seli) kilichopo mwilini kwa uchache. Hapa unailenga protini iliyoijaza damu yenyewe. Ini liliiondoa molekuli yetu upesi, na dozi ikatoka zaidi ya gramu 4 kwa siku, kila siku, maisha yote. Tukaiacha. Dawa ya Oxbryta, iliyopita njia hiyohiyo na kuidhinishwa Marekani mwaka 2019, ilimezwa miligramu 1,500 kwa siku, na kufika hapo tu ni kazi kubwa ya kemia.

Ndiyo maana leo ningetafuta shabaha zilizo chache mwilini. Dawa ya mitapivati, kwa mfano, huamsha kimeng'enya cha seli nyekundu, ATP (kemikali inayoipa seli nishati) ikaongezeka na ile kemikali inayoisukuma hemoglobini iachie oksijeni ikapungua. Njia ninayoipenda zaidi ni kuirudisha hemoglobini F, ile ya mtoto akiwa tumboni. Daktari Janet Watson alishaona mwaka 1948 kwamba watoto wachanga wenye selimundu wana seli chache zinazopinda, na haidroksiyurea, dawa tunayoitumia hadi sasa, hufanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuiongeza hemoglobini hiyo.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Usikubali namba ya hemoglobini ikutoshe. Dawa ya majaribio, senikapoki, ilizuia seli nyekundu kupoteza maji. Hemoglobini ikapanda, seli zikapungua kuvunjika ovyo, lakini wagonjwa hawakupungukiwa na vipindi vya maumivu, na jaribio kubwa likasitishwa. Oxbryta nayo: kwenye jaribio lililoipatia kibali, asilimia 51 ya waliomeza dozi ya juu hemoglobini yao ilipanda kwa zaidi ya gramu 1 kwa desilita, dhidi ya asilimia 7 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Septemba 2024 kampuni ya Pfizer iliiondoa sokoni duniani kote, kwa sababu takwimu zilizokusanywa baadaye zilionyesha tofauti mbaya katika vipindi vya maumivu na vifo. Linganisha na haidroksiyurea, ambayo mwaka 1995, kwa watu wazima 299, ilipunguza vipindi vya maumivu kwa karibu nusu. Hicho ndicho kipimo.

Na maumivu yenyewe yapime yalipo. Majaribio mengi huhesabu safari za hospitali, wakati wagonjwa wengi huumwa nyumbani, kimya. Watu wazima 232 walipoandika shajara, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, maumivu yalikuwepo katika zaidi ya nusu ya siku zilizoandikwa. Tangu nisome utafiti huo, siwezi kukubali mpango wa jaribio usio na shajara.

Waite wagonjwa mapema, molekuli ikiwa bado mchoro. Mama mmoja mwenye selimundu alikuja kwenye kikao chetu, akatazama vidonge vya mfano vikubwa kama punje za maharage, akasema, “Siku ya maumivu hata maji nayatapika. Hivi vitano nitavimezaje?” Chumba kizima cha wataalamu hakikuwa kimewahi kujiuliza. Mwanawe wa miaka miwili, mgonjwa pia, alikuwa amelala mapajani mwake. Wengu la watoto kama yeye mara nyingi huharibika kabla hawajafika miaka mitano, na kidonge hawezi kukimeza kabisa. Siku hizi kila molekuli ninayoipendekeza huanza na mstari mmoja juu ya ukurasa: vidonge vingapi, vya ukubwa gani, na mtoto wa miaka miwili atapewaje.