Maintern wa kliniki ya ngozi, njooni tuongee vidonge vya kupunguza jasho la viganja kwa watoto

Wadogo zangu, wiki hii nimekuta tena mtoto wa darasa la tano kaandikiwa oksibutinini, kidonge cha kupunguza jasho, miligramu 5 mara mbili kwa siku, siku ya kwanza kabisa, hata dawa ya kupaka hajaijaribu. Nawapenda sana ila jamani!

1. Klakini vizuri, yaani mhojini mgonjwa na mzazi kwa kina. Akilala viganja vinakauka? Vikikauka, na vinalowa pande zote mbili, na kuna baba au shangazi wa hivyohivyo, basi ni maumbile yake. Anayelowesha shuka usiku huku anapungua uzito mtafutie TB.

2. Mpakeni kwanza alumini kloraidi asilimia 20, usiku, ngozi ikiwa kavu.

3. Kidonge kikihitajika, anza chini, miligramu 2.5 kwa siku, panda polepole. Ile ni dawa ya kibofu na haichagui viganja, inazuia asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kuamuru jasho na mengine mengi, mwili mzima, mdomo unakauka, choo kigumu, mkojo unagoma, ubao hauoni vizuri. Na hapa niwasimulie. Kuna mtoto daftari lilikuwa linalowa mpaka wino unasambaa, mwalimu anamwita mchafu, tukampa dawa, viganja vikakauka kweli, mama akaja kliniki na furaha yake na sisi tukafurahi naye, dozi ikapandishwa, na hakuna hata mmoja kwenye timu aliyeuliza huyu mtoto mchana anafanya nini. Kumbe ni mtu wa mpira, na ilikuwa Januari, joto la Dar mnalijua. Akadondoka uwanjani. Amefikishwa emajensi anawaka moto, ngozi kavu kabisa, anaongea vitu havieleweki, daktari wa zamu akaanza kufikiria malaria maana kadi ya mtoto haikuandikwa anatumia nini. Jasho ndio rejeta ya mwili na sisi tulikuwa tumeifunga. Alipona, alhamdulillahi, lakini mama wa watu alikuwa ameambiwa mdomo utakauka tu, basi, la joto hakuna aliyemwambia, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo kabla hujaandika uliza mpira, mchakamchaka, shamba la shule. Mwambie mzazi, akiona mtoto kawa mwekundu, anachemka na hana jasho, kivulini haraka, amwagiwe maji, dawa isimame, aje hospitali.

4. Piriton, ile dawa ya mzio na mafua! Mtoto akishikwa na mafua mama anapitia duka la dawa, nayo inakausha vilevile, zinajumlishana. Waambieni, na muandike kwenye kadi.

5. Glaikopiroleti, kidonge kingine cha kupunguza jasho, mkiipata ni nafuu kidogo kichwani, haipenyi sana kwenye ubongo, ila inywewe saa moja kabla ya kula, chakula kinaipunguza nguvu. Joto la mwilini halina nafuu hiyo, maswali ya mpira yako palepale.

Yule wa darasa la tano nimeshampigia mama yake, anarudi Jumatatu, aliyemwandikia awepo tuanze naye upya.